IMLA YA TAIFA NA MTOTO WA MACHIMBO

Katika miaka ya karibuni yameingia nchini mwetu, hasa katika shule za kulipia za mijini, mashindano ya watoto ya kutaja herufi za maneno ya Kiingereza. Mtoto hupanda jukwaani, hutamkiwa neno, naye hulitaja herufi baada ya herufi mpaka mwisho. Akikosea hushuka, akipatia hubaki, na abakiye peke yake ndiye bingwa. Wazazi hupiga makofi, na wapo sasa wasemao kwamba yafaa tuwe na mashindano makubwa ya namna hiyo ya taifa zima. Sisi hatuyachukii mashindano hayo. Mtoto apendaye maneno ni mtoto wa kufurahiwa, na mwalimu amfundishaye anastahili sifa yake. Lakini taifa si neno dogo, na kabla hatujalibandika juu ya mashindano yoyote hapana budi tuulize ni watoto gani watakaoweza kuyaingia. Ndiyo sababu leo twataka kulitazama jambo hili tukiwa tumesimama Shinyanga na Geita, wala si Dar es Salaam.

Wazee wetu waliiita kazi hii kuendeleza maneno, na wataalamu wa siku hizi waiita tahajia. (Neno la zamani latupendeza zaidi, kwa kuwa maendelezo na maendeleo ni watoto wa mama mmoja.) Mashindano yenyewe asili yake ni Marekani. Mwaka 1925 gazeti la mji wa Louisville liliungana na magazeti mengine manane kuwakusanya watoto katika mji wa Washington, na aliyeshinda alikuwa mvulana wa miaka 11 aitwaye Frank Neuhauser, kwa kuliendeleza sawasawa jina la ua liitwalo gladiolus. Zawadi yake ilikuwa dola 500, nazo alilipwa kwa vipande vya dhahabu. Msomaji wetu wa Geita na aishike habari hiyo moyoni: kulikuwa na mtoto aliyepewa dhahabu kwa sababu ya kujua herufi. Kwetu wapo watoto waliokosa herufi kwa sababu ya dhahabu.

Lakini habari za Marekani hazikuishia kwa kijana huyo. Mwaka 1936 msichana mweusi wa miaka 13, MacNolia Cox wa mji wa Akron, alifika fainali. Njiani alihamishiwa katika behewa la watu weusi, na mjini Washington hakuruhusiwa kulala hoteli moja na wenziwe. Alibaki akishindana hadi walipokuwa wamesalia watoto watano, kisha akapewa neno nemesis, ambalo ni jina la mungu wa kike wa Wayunani wa kale. Waliofuatana naye walipinga, wakisema kwamba kanuni zilikataza majina ya pekee, lakini hawakusikilizwa. Msichana yule aliyezijua herufi kuliko watoto karibu wote wa nchi yake hakupata njia ya kwenda chuo kikuu, naye alifanya kazi ya utumishi wa nyumbani. Mtoto mweusi wa kwanza kuwa bingwa alitoka Jamaika, mwaka 1998, na Mmarekani mweusi wa kwanza alishinda mwaka 2021. Twayasema haya ili ieleweke kwamba jukwaa lenyewe halimwinui mnyonge. Huwaonyesha watu ni nani aliyeandaliwa na nani aliyeachwa, basi.

Tena tujiulize kwa nini mchezo huu ulizaliwa katika Kiingereza. Ni kwa kuwa maandishi ya lugha hiyo hayafuati matamshi yake. Herufi zile zile husomwa hivi katika neno moja na vile katika jingine, na nyingine huandikwa wala hazisomwi kabisa, kiasi kwamba Mwingereza mwenyewe aliyesoma huhitaji kamusi. Kiswahili sivyo. Kabla ya wakoloni kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Walipokuja wamisionari na maofisa wa Kizungu, kila mmoja alikiandika kwa desturi ya kwao, hata Wajerumani wakaandika Kilimandscharo kwa herufi kumi na nne pale tunapoandika sisi Kilimanjaro kwa kumi na moja. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ambayo kazi yake moja kubwa ilikuwa kuyaweka maendelezo katika njia moja. Kazi ile ilifanywa na serikali za kikoloni kwa manufaa yao, jambo hilo halina ubishi. Hata hivyo matunda yake tuliyachuma sisi. Mtu mzima asiyejua hata alifu aliweza kujifunza kuisoma barua ya mwanawe katika miezi michache, kwa sababu kila sauti ina herufi zake na kila herufi ina sauti yake.

Kwa hiyo mtu aweza kusema: kama Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, mashindano ya nini? Asemaye hivyo hajapata kusimama mbele ya darasa la nne katika wilaya ya Kishapu au Nyang'hwale. Mtoto wa Kisukuma afikapo shuleni huja na lugha ya mama yake, lugha tajiri, lakini ambayo haina sauti ya r. Ataandika kula akitaka kusema kura, na mahali akitaka kusema mahari, na katika nchi ambayo mahari ni ng'ombe na kura ni haki ya raia, makosa hayo mawili si madogo. Sauti za dh, th na gh ni ngeni kwake vilevile, ingawa hapo ana wenzake nchi nzima. Herufi h huiacha inapotakiwa na kuiongeza isipotakiwa, hata ili likawa hili na hili likawa ili. Tuseme pia haki yake: katika ng' yenye ritifaa Msukuma huwashinda wengi, maana majina ya kwao yaanzayo kwa Ng'wa- ni mengi, na ni makarani waliotoka kwingine wanaoyaharibu kwa kuandika Mwa-.

Sasa mwambieni mtoto huyo aandike neno dhahabu. Wengi wataandika zahabu, wengine zaabu. Amezaliwa juu yake, baba yake huichimba, mama yake huipepeta, nyumba yao imejengwa kwayo au imevunjwa kwa ajili yake, na jina lake hawezi kuliandika. Hatumcheki mtoto huyo. Twasema kwamba hapo ndipo penye fainali ya mashindano ya taifa, na mgeni apendaye kujua elimu yetu imefika wapi na aanzie hapo.

Dhahabu ya Geita si habari mpya. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, ukawa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, kisha ukafungwa. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Upande wa Shinyanga almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na Kahama imekuwa na Bulyanhulu na Buzwagi, ambao uchimbaji wake umekwisha. Lakini pembeni ya migodi hiyo yenye uzio na taa wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko, wenye maduara yao, makarasha yao na mialo yao. Huko ndiko mtoto anakopotelea. Hapotei kwa siku moja. Kwanza huenda mwaloni siku ya Jumamosi kumsaidia mama kuosha mchanga, akapata shilingi chache za daftari. Kisha huenda Ijumaa pia. Baadaye huonekana shuleni siku ya mtihani tu, na mwisho haonekani, na katika daftari la mahudhurio mbele ya jina lake panakuwa na mstari mrefu wa alama za kutokuwapo ambao hakuna mtu anayeusoma.

Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, baada ya kutembelea maeneo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilikuta watoto wa miaka minane wakifanya kazi, na wengine wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma na kuivuta hewani. Si kwamba sheria hatukuwa nayo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaongeza mkazo. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, na watoto wakamiminika madarasani. Hilo lilikuwa jambo jema sana, nalo liliacha mzigo wake: kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, lakini katika kanda hii darasa lenye watoto zaidi ya 100 si jambo la kushangaza. Mwalimu wa darasa kama hilo akisoma imla ya maneno kumi hana saa za kutosha za kusahihisha madaftari yote. Basi huacha. Mtoto ambaye daftari lake halikusahihishwa ataendelea kuandika zahabu mpaka azeeke.

Wafanyakazi wenzetu wataona mara moja kwamba jambo hili ni lao. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa fujo. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe wajuao kusoma na kuandika, wasimame kando ya mizani, wasome uzito na kuuandika. Kutokana na watu hao wenye kalamu vilikua vyama vya wakulima, ambavyo Paul Bomani aliviongoza, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo sifa yake ilivuka mipaka ya nchi. Usukuma basi una ushahidi wake wenyewe wa kazi ya herufi: mkulima alipoisoma mizani, bei ya pamba ilibadilika.

Mizani ya leo ni ya dhahabu. Mwezi Machi 2019 soko la kwanza la madini lilifunguliwa mjini Geita, na masoko mengine yakafuata, ili mchimbaji mdogo asiuze tena gizani. Sasa hupimiwa hadharani na kupewa karatasi yenye uzito, ubora, bei, mrabaha na makato. Ni hatua kubwa, na twaisifu. Lakini karatasi humlinda aijuaye kuisoma. Asiyeijua humpa mwenzake amsomee, na mwenzake huyo aghalabu ndiye mwenye duara, au wakala aliyemkopesha chakula na dizeli. Vivyo hivyo kwa mkataba wa kibarua, kwa maandishi ya hatari yaliyobandikwa juu ya kopo la kemikali, na kwa risiti ya chama cha wafanyakazi. Tumepata kumwona mtu mzima mwenye nguvu za kubeba kiroba cha mawe kutoka shimoni, akiigeuza risiti juu chini, chini juu, huku akisubiri kijana wa kumwambia amepata kiasi gani.

Tena si kwamba kanda hii haikupata kupigana na ujinga. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa elimu ya watu wazima kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, nao ulihudumia mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Fikra yake ilikuwa kwamba mtu na ajifunze kusoma kwa maneno ya kazi yake. Mkulima wa pamba alifunzwa kwa kitabu cha pamba, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe, mvuvi kwa kitabu cha samaki. Mwaka 1967 waliojua kusoma na kuandika nchini walikuwa kama theluthi moja tu ya watu wazima, na kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wamekuwa 9 katika kila 10. Baadaye mambo yalilegea, na sensa ya mwaka 2002 iliwakuta ni 7 hivi katika 10. Anayedhani kwamba elimu ikishapatikana hukaa yenyewe na azitazame hesabu hizo. (Kitabu cha kusomea cha mchimbaji wa dhahabu, chenye duara na karasha na mwalo na zebaki ndani yake, kingefaa sana leo.)

Mashindano yatasaidiaje? Twende Poland. Mwaka 1987 mwandishi wa habari wa redio, Krystyna Bochenek, alianzisha katika mji wa Katowice mashindano ya imla ya taifa. Katowice ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe, si mji wa mabwana wa fasihi. Watu huketi, husomewa maneno, wote huandika kwa pamoja, wazee kwa vijana, na anayekosea kidogo kuliko wote ndiye mshindi. Hakuna jukwaa la kumwaibisha mtoto, wala hakuna kushuka huku watu wakitazama. Wafaransa nao wana mapenzi na imla: mwaka 2023 walipanga meza za shule katikati ya barabara ya Champs-Élysées mjini Paris wakaandika mchana kutwa. Tunavyoona sisi, huu ndio mfano utufaao kuliko ule wa kutaja herufi kwa mdomo. Tena imla si ngeni kwetu. Babu zetu waliiandika juu ya vibao, na hata upimaji wa taifa wa Kiswahili wa darasa la nne umekuwa na sehemu yake ya imla.

Mahali pa kuiweka papo pia. Kila mwaka shule za msingi zina mashindano yao ya taifa, UMITASHUMTA, maana yake Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Neno taaluma limo ndani ya jina kwa miaka mingi, nasi tumekuwa tukiona mpira wa miguu, netiboli, riadha, ngoma na kwaya. Mambo mazuri yote hayo. Twaomba tu kwamba taaluma nayo ipewe saa yake uwanjani. Shule zianze zenyewe, kisha kata, wilaya na mkoa, na fainali ya taifa ifanyike tarehe 7 Julai. Siku hiyo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwetu ni Sabasaba, siku ya mapumziko, hivyo wazazi watakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Lakini tunataka kanuni moja, na bila hiyo afadhali mashindano yasiwepo. Asishindane mtoto mmoja mteule kutoka kila shule. Liandike darasa zima la nne, na alama zigawanywe kwa idadi ya majina yaliyomo katika daftari, wala si kwa idadi ya waliohudhuria. Tuseme shule ina watoto 80 na walioandika ni 50. Jumla ya alama zao igawanywe kwa 80, na wale 30 wahesabiwe sifuri. Hapo mwalimu mkuu anayetaka ushindi hatamnoa tu mtoto wa karani wa halmashauri ambaye nyumbani kwao pana kamusi. Itambidi aende mwaloni na mwenyekiti wa kijiji kuwatafuta wale 30. Tunajua hila zitakazofuata: wapo watakaoyafuta majina ya watoro usiku wa kuamkia imla. Dawa yake ni kuchukua hesabu ya Januari na kuifunga kwa mhuri wa wilaya, na mtoto aliyehama athibitishwe na shule alikohamia.

Wapo watakaosema kwamba tunawafungia watoto wa maskini katika Kiswahili huku wa matajiri wakipanda kwa Kiingereza. Hoja hii ni ya haki na haifai kupuuzwa. Kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza, na mzazi anayeuza ng'ombe wawili ili mwanawe asome shule ya Kiingereza anaijua nchi anayoishi. Hatumwiti kasuku. Lakini mtoto ambaye hawezi kuandika kwa usahihi lugha anayoisikia kila siku, atakapofikishwa mbele ya lugha isiyoandikwa inavyotamkwa, ataikariri kama anayekariri namba za simu. Taarifa ya kwanza ya Uwezo, iliyotolewa kutokana na upimaji wa mwaka 2010, ilionyesha kwamba katika kila watoto watano waliomaliza shule ya msingi, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na katika Kiingereza nusu yao walishindwa. Ngazi ya pili haikuwakosa watoto hao kwa sababu ya ukatili wa Kiingereza peke yake. Wengine hawakuwa wameipanda ya kwanza.

Gharama si hoja ya kutuchelewesha. Imla yataka sauti ya mwalimu, karatasi na kalamu ya risasi. Kinachogharimu ni kile kitakachohitajika baada ya imla kutuonyesha tulipo: walimu, vyumba, madawati na vitabu. Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 yamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake, na halmashauri zenyewe hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala wanao mlango wa kuingilia. Waingie na hesabu ya madaftari mkononi: shule fulani, watoto kadhaa, walioandika kadhaa, waliopatia kadhaa. Hesabu kama hiyo ni vigumu kujibiwa kwa hotuba.

Na zawadi? Kikombe na fulana vibaki kwa wachezaji mpira. Shule itakayoongoza katika wilaya ipewe kamusi kwa kila madawati mawili. Shule itakayoshika mkia ipewe mwalimu wa ziada kabla ya Januari inayofuata, na jina la ofisa aliyeahidi kumpeleka lichapishwe gazetini pamoja na tarehe.